Udongo Mkavu

Daktari alinipa karatasi, nikadhani vidonge.
Kumbe anwani: kiwanda cha zamani, Burslem,
ghorofa ya pili, Alhamisi, saa nane mchana,
njoo na shati usilolipenda.

Shati nisilolipenda ninalo.
Ndilo nililovaa zamu ya usiku, ghalani,
nafunga maboksi ya viti vya bustani,
simu ikatetema mfukoni: Nakiete hatunaye.

Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa mezani kwa watu.
Nikamzika dada yangu kwa simu.
Aliyeishika alikuwa akilia,
jeneza likawa linaingia na kutoka,
nilichokiona sana ni kiatu chake, huyo mshika simu,
cheusi, kamba imefunguka,
na vumbi jekundu la Upareni.

Baada ya hapo nikawa mtu wa “nzuri”.
Habari za kazi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri.
Jiko nikalisahau linawaka mara tatu.
Mkono wa kulia ukafa ganzi,
daktari akaupima, mishipa haina neno.

Basi, nikapanda ngazi.
Dirishani, tanuru la kale lenye umbo la chupa,
halijatoa moshi tangu sijui lini,
mvua inalipiga bila kulionea haya.
Glenys akanikata donge kwa waya.
Akadhani nimezaliwa na ufundi, natoka Afrika.
Nikamwambia kwetu vyungu ni kazi ya wanawake,
mwanamume akisogelea, chungu hupasuka.
“Hapa vinapasuka hata asiposogea mtu,” akasema.

Kulikuwa na Desmond,
aliyebandika mikono ya vikombe miaka thelathini na sita
hadi lango likafungwa kwa mnyororo;
sasa simu ikilia anaingia chooni.
Na msichana mmoja, Kerensa,
ambaye kila wiki alifinyanga kidole gumba.
Kidole gumba tu.
Hakuna aliyemuuliza cha nani.
Hakuna aliyeniuliza mimi chochote,
na hilo lilinirudisha wiki ya pili.

Kisha sikwenda. Wiki tatu, pazia limefungwa.
Niliporudi donge langu lilikuwa pale pale dirishani,
jeupe, gumu, lina ufa kama kisigino.
Nikawatafsiria wa kwetu walichosema:
udongo uwahi ungali maji.
Nikaomba pipa la taka.

Glenys hakubishana na wahenga.
Alilichukua donge, akalitumbukiza kwenye ndoo.
Likafoka. Nakwambia, udongo ulifoka,
mapovu yakapanda, ubavu mmoja ukamomonyoka,
ukajiachia wenyewe, hakuna aliyeuponda.
“Uliokauka nusu ndio mkaidi,” akasema,
“unazunguka ndani ya maji siku nzima, haulegei.
Huu umekauka mpaka moyoni. Unakunywa.”

Sikulia. Watu hudhani hapo ndipo nililia.
Nilitia mkono ndani ya ndoo mpaka kiwikoni
na maji yalikuwa baridi,
nikajua kwamba ni baridi.

Wiki iliyofuata nilifinyanga kiatu.
Kamba ilinichukua Alhamisi mbili.
Desmond akakizungusha, akakigeuza juu chini,
akauliza mkono wake utakaa wapi.
Tukacheka, hata Kerensa, puani.
Kwenye moto kisigino kilipasuka.
Nimekiacha hivyo.

Sijapona, usinielewe vibaya.
Ghala bado ghala, na Februari ya huku
ni ndefu kuliko siku zake.
Ila usiku wa Jumatano nachelewa kulala
kwa sababu nyingine.

Na juzi nimepiga simu nyumbani.
Nimeuliza, siku ile, simu aliishika nani?
Kimya. Jogoo wa mtu akawika huko.
“Mimi, mjomba. Nisamehe.
Mkono ulikuwa unatetemeka.”

Nikamwambia, kiatu chako ninacho.